Heri Nayo Itangazwe Mtaani

Mtaani kwetu Kayole msiba haufichiki. Mtu akifariki asubuhi, ifikapo jioni mabenchi yamekwisha kupangwa uani, mwenyekiti wa kamati amechaguliwa, na mweka hazina ameshika daftari na kalamu. Kila jirani hutoa alicho nacho, iwe ni shilingi hamsini au elfu moja, na jina lake huandikwa. Siku chache baadaye basi huondoka na jeneza kuelekea Siaya, Kakamega, Murang'a au Machakos, na watu ambao hawajapata kusalimiana hata siku moja huketi humo bega kwa bega. Ni desturi njema, nami sithubutu kuibeza. Pasipo desturi hiyo, maskini wengi wa mitaa ya mashariki ya Nairobi wasingezikwa kwao.

Lakini liko swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu. Kwa msiba tuna kamati. Kwa heri tuna nini?

Najua kuwa harusi nayo ina kamati yake. Hapa sizungumzii mambo makubwa ya namna hiyo. Nazungumzia heri ndogo ndogo za kila siku: mtoto aliyekuwa akigugumia na sasa anasoma ukurasa mzima bila kusita; kijana aliyefaulu mtihani wa ufundi wa umeme baada ya kuanguka mara mbili; mzee aliyetimiza miezi sita bila kuonja pombe; mama aliyemaliza deni la ada ya mwanawe. Mambo haya hupita kimya kimya vyumbani mwetu, kana kwamba ni aibu.

Nitatoa mfano nilioushuhudia kwa macho yangu. Katika ploti ninamoishi yumo mama mmoja auzaye mboga kando ya njia. Jioni moja nilipokuwa nikinunua sukumawiki, nilimwona akiandika daftarini majina ya wanunuzi waliochukua mboga kwa mkopo. Nilistaajabu, kwani miaka miwili kabla ya hapo alikuwa akiniomba nimsomee ujumbe uliotumwa kwenye simu yake. Nilipomdadisi, alitazama huku na huku, kisha akaninong'oneza kwamba amekuwa akihudhuria masomo ya ngumbaru, na kwamba amefaulu mtihani akapewa cheti.

"Hongera sana, Mama! Na hicho cheti kiko wapi?"

"Kiko chini ya godoro, Mwalimu. Tafadhali usimwambie mtu. Watanicheka, mtu mzima mwenye wajukuu kwenda shule."

Nami nikanyamaza kama nilivyoombwa. Nilidhani ninamstahi.

Haikupita miezi mitatu, mama mwingine wa ploti hiyo hiyo, fundi wa kushona nguo, alitia kidole gumba kwenye karatasi ya mkopo asiyoweza kuisoma. Alikuwa ameambiwa kwa mdomo kwamba atalipa kwa muda wa mwaka mzima. Karatasi ilisema miezi sita, tena ilisema kwamba cherehani yake ni rehani. Mwezi wa saba walikuja wanaume wawili wakaibeba. Tulipokwenda kumpa pole, ndipo siri ya yule mwuza mboga ilipomtoka mwenyewe kwa uchungu. Yule fundi alimtazama kwa muda mrefu, akasema: "Kumbe wewe ulijua kusoma, na mlango wako umeelekea wangu?" Kisha akanigeukia mimi: "Wewe, Mwalimu, nilikuonea haya. Mwenzangu huyu ningemwendea hata usiku."

Sijapata kusahau maneno hayo. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba heri ya mtu mmoja ni mlango wa mwingine, na kwamba anayeifungia ndani huwafungia wengi nje bila kukusudia.

Wanaoficha heri zao wana sababu, na si haki kuwalaumu kabla ya kuzisikiliza. Wapo wanaoogopa kijicho. Wapo wanaoogopa kukopwa, maana ukitangaza mtaani kwamba umepata kazi, jioni hiyo hiyo mlango wako hubishwa na watu watano wenye shida za kweli. Wapo wanaohofia kwamba mwenye nyumba akisikia atapandisha kodi. Hofu hizi si za kubuni; maisha ya chumba kimoja yamewafunza watu kuzungumza kwa tahadhari. Isitoshe, wahenga wametuachia methali ya kujifichia: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali hiyo ni ya kweli pale kizuri kilipo mahali pa kuonekana. Embe bivu hujiuza kwa sababu limewekwa juu ya meza. Cheti kilicho chini ya godoro hakijiuzi. Ama kuhusu hofu ya kukopwa, nadhani iko tofauti kati ya kutangaza fedha na kutangaza njia. Hakuna anayekulazimisha kutaja mshahara wako. Taja jinsi ulivyoipata kazi, ofisi uliyoiendea, karatasi ulizotakiwa kubeba, na mara ngapi ulirudishwa kabla ya kukubaliwa. Fedha ukiigawa hupungua. Maarifa ya njia hayapungui kwa kugawanywa.

Ajabu ni kwamba furaha ya pamoja si jambo geni kwetu. Gor Mahia au AFC Leopards ikishinda, Barabara ya Jogoo hujaa nyimbo kutoka uwanja wa City hadi vichochoroni, na mtu asiyewahi kupiga mpira hutamka "tumeshinda" kwa kinywa kipana. Sina ugomvi na mpira. Nauliza tu mbona neno hilo "tumeshinda" hatulitumii jirani anapojifunza kusoma, ilhali faida ya ushindi huo inaweza kutufikia mpaka mlangoni kuliko kombe lolote.

Tena kulikuwa na wakati ambapo tulikuwa na pa kuyasemea mambo kama haya. Wasomaji wa rika langu wanazikumbuka kadi za salamu tulizotuma kwenye redio ya Sauti ya Kenya, iliyogeuzwa kuwa KBC mwaka wa 1989. Mtu wa Makongeni au Kaloleni aliweza kumpongeza shangazi yake aliye Kitale, na majina yao yakasomwa nchi nzima ikisikiliza. Lilikuwa jambo dogo, lakini aliyesikia jina lake alitembea siku hiyo akiwa ameinua kichwa.

Upo mfano mwingine ambao watu wa Eastlands tuna haki ya kuuita wetu. Mwezi wa Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi, Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule moja karibu na mji wa Eldoret akiwa na umri wa miaka 84. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe na kujua kuhesabu fedha zake. Hayo ni matakwa madogo, yale yale ya jirani yangu mwuza mboga. Tofauti ni kwamba Maruge hakuyaficha. Alivaa sare na kaptura, akaketi kati ya watoto wa umri wa vitukuu vyake, akaacha apigwe picha. Mwaka wa 2005 alisafiri hadi New York kusema mbele ya dunia juu ya elimu ya bure. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 zilimpokonya mali yake, na mwaka wa 2008 akaletwa katika nyumba ya wazee huku Kariobangi. Mtu wa umri wake, aliyepoteza alichokuwa nacho, angeweza kusema basi, imetosha. Yeye aliingia tena darasani katika shule ya msingi ya Marura, akasoma hadi maradhi yalipomzidi. Alifariki mwezi wa Agosti 2009.

Lau Maruge angejifunza kusoma kwa siri, angeweza kufa akiwa anajua kusoma, na hilo lingekuwa jema. Lakini ni wazee wangapi wangeendelea kuamini kwamba wakati wao umepita?

Sasa nawageukia walimu wenzangu, nikianza na nafsi yangu. Kwa miaka mingi kila matokeo yalipotoka nilisimama mbele ya gwaride nikasoma majina ya watatu wa kwanza. Muhula mmoja msichana aliyekuwa akipata alama 19 kwa mia katika hisabati alipata 38. Alikuwa amezidisha alama zake maradufu, na hakuna aliyejua ila mimi na kalamu yangu nyekundu. Alisimama mstarini akawapigia makofi wale watatu. Muhula uliofuata alirudi palepale alipokuwa. Siwezi kuapa kwamba kimya changu ndicho kilichomrudisha, lakini siwezi pia kuapa kwamba sicho.

Wizara ya Elimu ilipiga marufuku kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi mwaka wa 2014, na mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtaala wa Umilisi unasisitiza yale anayoyaweza mwanafunzi. Hata hivyo, sheria hubadilika upesi kuliko mazoea. Bado tunawabeba watatu mabegani na kuwaacha arobaini wakitazama.

Napendekeza jambo lisilohitaji bajeti wala waraka. Kila Ijumaa, zitengwe dakika tano katika gwaride. Mwanafunzi yeyote aseme jambo moja aliloliweza wiki hiyo ambalo hakuliweza wiki iliyopita, aseme aliwezaje, na amtaje aliyemsaidia. Mashartí hayo mawili ya mwisho ndiyo yatakayotenga ushuhuda na majivuno. Debe tupu huvuma bila kueleza njia, na halimtaji mwenzake hata siku moja. Nanyi wanafunzi, msingoje gwaride. Mkifika nyumbani waulizeni wazazi wenu nao wameweza nini. Huenda mkasikia jambo lililokuwa chini ya godoro.

Yule mama mwuza mboga alikitoa cheti chake. Hakukitundika ukutani, alikipeleka kwenye mkutano wa chama chao cha akina mama, kikapita mkono kwa mkono, akaulizwa maswali hadi usiku ukaingia. Jumatatu iliyofuata wanawake watatu walifuatana naye kwenda darasani, na mmoja wao alikuwa yule fundi. Cherehani yake haikurudi. Siku hizi hushonea kwenye cherehani ya kukodi, na kabla ya kuikodi aliisoma karatasi ya makubaliano mwenyewe, polepole, kidole kikifuata mstari, mwenye cherehani akimngoja.

Hiyo nayo ni habari. Nimeruhusiwa kuitangaza.