Risasi Haijifyatui Yenyewe

Wasee, leo tuongee kuhusu kitenzi. Najua ushaanza kutafuta kitu kingine cha kuangalia, lakini tulia dakika tano, juu hii ni stori ya watu waliouawa na vile magazeti yanavyowaandika.

Soma sentensi hizi tatu. Nimezitunga mwenyewe, lakini kama umekuwa ukisoma magazeti yetu tangu Juni 2024, unazijua:

Polisi wamwua kijana kwa risasi.
Kijana auawa kwa risasi katika maandamano.
Kijana afariki vurugu zikizuka jijini.

Maiti ni moja. Barabara ni ile ile. Lakini katika sentensi ya kwanza kuna mtu ameshika bunduki. Katika ya pili risasi ipo, aliyeipiga ameenda. Katika ya tatu hata risasi imepotea. Amebaki kijana, ni kama alishikwa na malaria, na vurugu ambazo zimezuka zenyewe kama uyoga baada ya mvua.

Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, karo ilipogoma kabisa. Kwa ukuta wetu hakuna cheti cha uandishi wa habari. Lakini hii haihitaji digrii. Tulifunzwa shule ya msingi: kuna kutenda, kuna kutendwa, kuna kutendeka. Mtoto avunja kikombe. Kikombe chavunjwa. Kikombe chavunjika. Kila mtoto wa Kenya anajua ile ya tatu ni ya nini. Ni ile unamwambia mathe akifika jioni: "Kikombe kimevunjika." Nani? Hakuna mtu. Kikombe tu.

Sasa magazeti yetu, siku polisi wanapoua, huwa kama huyo mtoto. Maisha yalipotea. Vurugu zilizuka. Hali ilichafuka. Watu walijeruhiwa. Lakini duka likivunjwa, ghafla sarufi inarudi na nguvu zake zote: waporaji wavamia, vijana wachoma, wahuni waiba. Mwenye kuvunja duka anapatikana kabla gazeti halijaenda mtamboni. Mwenye kupiga risasi, tunaambiwa tungoje uchunguzi.

Chukua neno "kufariki". Ni neno zuri, la heshima. Nyanya yako akizeeka, augue, aage dunia kitandani, huyo amefariki. Rex Masai, aliyepigwa risasi Nairobi Juni 20, 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, hakufariki. Aliuawa. Kuna mtu alivuta kifyatulio. Hata kama jina lake litasubiri mahakama, huyo mtu yupo, na sentensi inafaa ikubali kwamba yupo.

Halafu kuna ile nyingine inaniudhi zaidi: "risasi iliyopotea". Julai 7, 2025, siku ya Saba Saba, mtoto wa miaka 12 aliuawa kwa risasi Kiambu akiwa ndani ya nyumba yao. Ndani ya nyumba, si kwa barabara. Risasi iliyopotea, tukaambiwa. Manze, mbuzi hupotea. Simu hupotea kwa matatu. Risasi haina miguu. Ilitoka kwa bunduki, na bunduki ya polisi huandikwa kwa daftari ikitoka stoo na ikirudi, pamoja na hesabu ya risasi. Kwa hivyo swali la mwandishi wa habari si "risasi ilipoteaje?" Swali ni "daftari la siku hiyo linasema nini?" Ukishaandika "risasi iliyopotea", hilo swali umelizika kabla ya mtoto kuzikwa.

Kama unadhani nakuza mambo, kumbuka Albert Ojwang. Alikamatwa Homa Bay Juni 7, 2025, juu ya vitu vilivyoandikwa mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi. Akaletwa hadi Nairobi, Central. Siku iliyofuata akawa maiti. Taarifa ya polisi ikasema alijigonga kichwa ukutani. Angalia hicho kitenzi: alijigonga. Ile silabi ndogo "ji" ilifanya kazi ya wakili. Ilimfanya mtu aliyekufa seli awe ndiye mtendaji wa kifo chake mwenyewe. Na sentensi hiyo ilisambaa kote.

Kisha madaktari wakaupasua mwili. Majeraha ya kichwa, shingo kukabwa, mwili mzima umeumizwa. Wakasema hayo si majeraha ya mtu kujigonga. Juni 11, Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasimama mbele ya Seneti akaomba msamaha kwa ile taarifa ya kwanza. Kwa siku kadhaa, "alijigonga" ilikuwa imetembea nchi nzima. Kuna watu kule ocha bado wanaamini hiyo.

Sasa kuna msee ataniambia, "Wewe unachukia tu magazeti." Hapana. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza runinga ziache kuonyesha maandamano moja kwa moja. NTV, KTN na K24 zikazimwa mpaka mahakama ikaingilia kati. Hakuna anayezima kitu kisichomuuma. Waandishi wamepigwa risasi za mpira na kupumua vitoa machozi kama sisi. Na usiku wa Juni 25, 2024, wakati mtandaoni watu walikuwa wanatangaza mamia ya maiti Githurai, waandishi ndio walienda kuuliza majirani na mochari, na ile idadi ya mtandaoni haikuthibitishwa. Hiyo kazi haifanywi na sisi wa kuongea mbele ya simu. Tunawahitaji hao watu, na ndio maana nawasumbua.

Kwani shida iko wapi? Naona mambo matatu.

Kwanza, polisi ndio huongea mapema. Taarifa yao inafika ikiwa imepigwa chapa, na saa ya kufunga ukurasa haingojei mtu. Familia bado inazunguka kutoka City Mortuary hadi Kenyatta ikitafuta mwili. Kwa hivyo habari ya kwanza inaandikwa kwa maneno ya yule ambaye anafaa kuulizwa maswali.

Pili, mawakili. Ukitaja afisa kwa jina kabla ya kesi, gazeti linaweza kushtakiwa. Sawa, naelewa. Lakini kuandika "polisi walifyatua risasi, mashahidi wanasema" si kumhukumu mtu. Juni 17, 2025, muuza barakoa alipigwa risasi kichwani kwa karibu katikati ya Nairobi na kila mtu akaona video. Afisa akashtakiwa kwa mauaji, akakana, na kazi ya kuamua ni ya mahakama. Lakini huhitaji hukumu ya jaji kuandika kwamba aliyekuwa ameshika bunduki ile alikuwa amevaa sare.

Tatu, pesa. Serikali ni mteja mkubwa wa matangazo. Machi 2024 wizara na mashirika ya serikali yaliagizwa kupeleka matangazo yao ya runinga na redio KBC peke yake. Mhariri hahitaji kupigiwa simu baada ya hapo. Anajua mkono unaolisha unaweza pia kufunga sufuria.

Na kuna hoja moja ambayo naiheshimu: ati mwandishi hafai kuchukua upande. Ni kweli. Lakini kumtaja mtendaji si kuchukua upande. Mwandamanaji akimpiga afisa jiwe, andika hivyo hivyo: mwandamanaji alimpiga afisa jiwe. Sitalalamika. Upande unachukuliwa pale ambapo jiwe lina mwenyewe na risasi haina.

Kwa nini nasumbuka na vitu vidogo hivi? Juu gazeti ndilo litakalobaki. Video zetu zitafutwa, akaunti zitafungwa, simu zitaibiwa pale Archives. Miaka 20 ijayo mwanafunzi ataingia maktaba kutafuta nini kilitokea 2024 na 2025. Atafungua faili za magazeti. Siku ya Saba Saba 2025 pekee, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilianza na waliokufa 10, kesho yake ikasema 31, na mwisho ikafika 38. Huyo mwanafunzi akikuta kwamba watu 38 "walifariki katika vurugu", atadhani Kenya ilipigwa na mafuriko. Hatauliza nani aliamuru. Na kesi ambayo haina mshukiwa kwenye sentensi haina haraka ya kupata mshukiwa kortini.

Kwa hivyo usiache kusoma magazeti. Soma, lakini soma kama mwalimu wa Kiswahili mwenye kalamu nyekundu. Ukiona kitenzi, uliza mtendaji ni nani. Ukiona "inadaiwa", uliza ni nani anadai, na kama jamaa wa marehemu pia walipewa nafasi ya kudai. Ukiona "vurugu zilizuka", uliza zilikuwa zimelala wapi na nani aliziamsha. Kama jibu halipo kwenye habari yote, mwandikie mhariri. Barua pepe yake iko pale kwa ukurasa wa maoni, na haikulipishi kitu zaidi ya bando.

Mwandikie kwa heshima, mistari miwili tu inatosha. Mwambie: kichwa chenu cha leo kina maiti, kina mahali, kina tarehe. Mmesahau kutuambia nani alipiga.