Dua Haithibitishwi kwa Kusambazwa

Waislamu wengi wanaamini kwamba dua ikiandikwa kwa Kiarabu na kupita mikononi mwa watu wengi, basi imetoka kwa Mtume (S.A.W.). Imani hiyo ni potofu, na madhara yake ni makubwa: inamsingizia Mtume maneno asiyoyasema.

Ujumbe unaoingia kwenye simu za Gikundamvura, wilayani Rusizi, kando ya mashamba ya mpunga ya Bugarama, una sura ileile na ule unaosambaa Bujumbura na Uvira. Soma mara saba, watumie watu ishirini, riziki itafunguka; ukipuuza, msiba. Haumtaji mpokezi wala kitabu.

Mtindo huu haukuletwa na simu. Mwaka 1908 ilizagaa Lindi barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikisimulia ndoto ya Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume. Watawala Wajerumani, waliokuwa wametoka kupigana vita vya Maji Maji, waliingiwa na hofu. Wanahistoria wameihusisha barua hiyo na Rumaliza, mfanyabiashara aliyewahi kutamba Ujiji na kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Mwanachuoni Rashid Rida aliupinga ujumbe wa namna hiyo, uitwao wasia wa Sheikh Ahmad, katika jarida la al-Manar, na baadaye Sheikh Ibn Baz naye akaukanusha. Hata hivyo, bado unasambazwa.

Wenye kutetea jumbe za aina hii husema: dua ni dua, ina ubaya gani? Wamsikilize sahaba al-Baraa bin Azib. Mtume alimfundisha dua ya kulala. Al-Baraa alipoirudia akasema "Mtume wako" badala ya "Nabii wako", akasahihishwa papo hapo. Bukhari na Muslim wameipokea habari hiyo. Ikiwa neno moja, tena la heshima, halikuachwa lipite, vipi ukurasa mzima usio na mwenyewe?

Hakuna anayemzuia mkulima kumwomba Mola wake kwa Kinyarwanda au Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe. Hayo hayahitaji sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi. Kinachohitaji sanadi ni kusema "Mtume alisema", na kuahidi thawabu za idadi maalumu.

Na vitabu vipo. Imam Nawawi, aliyefariki 1277, aliandika al-Adhkar. Mwanachuoni Ibn Hajar akazichambua hadithi zake, zenye nguvu na dhaifu. Hisnul Muslim ya Said al-Qahtani inaingia mfukoni, na chini ya kila ukurasa imeandikwa dua imetoka wapi. Dua fupi ya kuomba mvua iwe yenye manufaa imo ndani ya Bukhari, kutoka kwa Bibi Aisha.

Kwa hiyo maimamu na walimu wa madrasa wa Rusizi wachukue, kila baada ya sala ya Ijumaa, dua moja inayozunguka kwenye simu, wafungue vitabu mbele ya watu, na isiyo na asili waitangaze hivyo hadharani.