UCHAMBUZI: Mchezaji akisema analipa, akinyamaza analipa

Tarehe 15 Februari 2025, mjini Montreal, mashabiki waliojaa ukumbini waliuzomea wimbo wa taifa wa Marekani. Mchezo wa hoki ya barafuni kati ya Canada na Marekani ulipoanza, ngumi zilirushwa mara tatu katika sekunde tisa za kwanza. Siku tano baadaye timu hizo zilikutana tena katika fainali mjini Boston, na Canada ikashinda 3-2 katika muda wa nyongeza.

Kilichowafanya mashabiki wazomee ni jambo ambalo kila anayepitisha mzigo Namanga, Busia au Rusumo analijua: ushuru. Tarehe 1 Februari Rais Donald Trump alikuwa ametia saini agizo la kutoza asilimia 25 kwa karibu bidhaa zote za Canada. Alilisimamisha kwa siku 30, kisha likaanza kutumika Machi 4. Wakati huohuo alikuwa akirudia kusema kwamba Canada ingefaa kuwa jimbo la 51 la Marekani.

Katika hali hiyo wachezaji, ambao kazi yao ni kuteleza barafuni na kufunga mabao, walijikuta wakiulizwa na waandishi kuhusu ushuru, mipaka na uzalendo. Lililowapata wao, na wengine waliowatangulia, linafaa kuangaliwa na sisi tunaoishi kwa kuvuka mipaka. Linahusu bei ya kusema, bei ya kunyamaza, na namna vyombo vya habari vinavyoipanga bei hiyo.

Soko lenye mpaka katikati

Kwa wasiouzoea mchezo huu: ni ndugu wa mpira wa magongo, ila unachezwa juu ya barafu kwa viatu vya kutelezea. Afrika Mashariki unachezwa Nairobi, katika uwanja wa barafu ulio ndani ya hoteli, na mwaka 2024 Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Ligi kubwa ya kulipwa, NHL, ina timu 32. Timu 25 ziko Marekani na 7 ziko Canada. Mishahara ya wachezaji wote hulipwa kwa dola ya Marekani, wakati timu za Canada hukusanya sehemu kubwa ya mapato yao kwa dola ya Canada. Anayenunua kwa shilingi ya nchi moja na kuuza kwa faranga ya nyingine anajua maana yake: fedha ya nyumbani ikishuka, faida inaliwa kabla mzigo haujafika sokoni.

Kanuni za ligi zinawataka wachezaji wakutane na waandishi baada ya mchezo. Wengi wamejifunza kujibu bila kusema kitu: tulijituma, wapinzani wetu ni wazuri, tutajitahidi kesho. Mchezaji anayevunja desturi hiyo huwa habari kubwa, kwa sababu anatoa bidhaa adimu.

Tuangalie pia mwenye duka. Mwaka 2013 kampuni ya Rogers ilinunua haki za kutangaza ligi hiyo nchini Canada kwa miaka 12, kwa dola za Canada bilioni 5.2. Mwaka 2025 ikatangaza mkataba mwingine wa miaka 12, wa bilioni 11. Kampuni hiyohiyo ni mwenye hisa mkubwa katika kampuni inayomiliki timu ya Toronto Maple Leafs. Kwa hiyo baadhi ya wanaomhoji mchezaji wanalipwa na kampuni yenye mkono katika timu yake na katika ligi nzima. Hilo halimaanishi kwamba waandishi hao wanasema uongo. Linamaanisha kwamba msomaji anapaswa kujua mzani ni wa nani kabla ya kuukubali uzito.

Kelele zinazouzwa

Kwa zaidi ya miaka thelathini, sauti kubwa kuliko zote katika televisheni ya hoki nchini Canada ilikuwa ya Don Cherry, kocha wa zamani aliyegeuka mchambuzi. Hakuwapenda wachezaji wenye mbwembwe. P.K. Subban, beki mweusi wa Montreal aliyekuwa akisherehekea mabao kwa furaha na kuzungumza bila woga, alikaripiwa mara nyingi. Septemba 2015 Subban aliahidi kuichangishia hospitali ya watoto ya Montreal dola milioni 10 za Canada ndani ya miaka saba. Juni 2016 klabu ilimbadilisha na beki wa Nashville. Mijadala mirefu ilifuata kuhusu iwapo alihamishwa kwa sababu ya uchezaji wake au ya tabia yake. Mwaka uliofuata alikuwa uwanjani na Nashville katika fainali ya kombe la ligi.

Februari 2019 Cherry aliwashukia wachezaji wa Carolina Hurricanes kwa kusherehekea ushindi nyumbani kwa michezo ya kuchekesha, akawaita kundi la wapuuzi. Klabu haikujibu kwa hasira. Ilichapa maneno yaleyale kwenye fulana, ikaziuza, na mashabiki wakazinunua kwa wingi.

Mfanyabiashara atacheka, na ana haki ya kucheka. Lakini mwenye kiwanda cha fulana alikuwa ni klabu. Mchezaji mmoja anayeshambuliwa peke yake hana duka la kuuzia matusi aliyotupiwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anatoka salama kwenye kelele za vyombo vya habari na nani anaumia.

Akim Aliu: ukweli uliochelewa miaka kumi

Mfano mzito zaidi ni wa Akim Aliu. Alizaliwa mwaka 1989 Okene, Nigeria, baba Mnigeria na mama Mukraine. Alikulia Ukraine kabla ya familia kuhamia Toronto, na mwaka 2007 alichaguliwa na klabu ya Chicago katika usajili wa vijana.

Tarehe 25 Novemba 2019 aliandika mtandaoni kwamba miaka kumi nyuma, akiwa na timu ya daraja la chini ya Chicago mjini Rockford, kocha Bill Peters alimtolea neno la kibaguzi kwa sababu ya muziki uliokuwa ukipigwa chumba cha kubadilishia nguo. Alisema kwamba alipompinga, kocha aliwaandikia wakubwa akitaka ashushwe daraja. Aliu alikuwa na miaka 20 tu.

Hapa waandishi walifanya kazi inayowastahili. Hawakuishia kunakili maneno ya Aliu. Waliwatafuta wachezaji waliokuwa naye Rockford, na wawili walithibitisha tukio hilo kila mmoja kwa upande wake. Mchezaji mwingine, aliyewahi kufundishwa na Peters huko Carolina, alisema kocha huyo alimpiga teke na kumpiga mwenzake ngumi wakati wa mchezo. Rod Brind'Amour, aliyekuwa msaidizi wa Peters wakati huo, alithibitisha kwamba mambo hayo yalitokea. Peters aliandika barua kwa meneja wake wa Calgary Flames akikiri kutumia lugha ya kuudhi, na Novemba 29 akajiuzulu. Zilikuwa zimepita siku nne tu.

Desemba mwaka huohuo ligi ilitangaza utaratibu mpya: klabu itakiwe kuripoti mara moja matukio ya unyanyasaji, na kuwe na simu ya kupokea malalamiko. Juni 2020 Aliu na wenzake kadhaa weusi waliunda umoja wa kutetea usawa katika hoki. Mwenzao Matt Dumba alisimama katikati ya barafu mjini Edmonton, Agosti 1, 2020, akazungumza dhidi ya ubaguzi, kisha akapiga goti wimbo wa Marekani ulipopigwa. Oktoba mwaka huo umoja huo ulijitenga na ligi, ukisema ligi haikuwa tayari kuchukua hatua za kweli.

Sasa tupige hesabu ya mwisho, kama tunavyofanya jioni baada ya soko. Peters alipata kazi ya ukocha Urusi mwaka 2020, na mwaka 2023 akapata nyingine katika ligi ya vijana Canada. Aliu alicheza michezo saba tu ya ligi kuu katika maisha yake, na hakuirudia tena. Aliyetuhumiwa alirudi sokoni. Aliyesema alibaki na heshima, lakini kazi yake katika ligi kuu ilikuwa imeshakwisha.

Wapo waliomuuliza Aliu kwa nini alikaa kimya miaka kumi. Swali hilo kila mtu wa mpakani anaweza kulijibu. Anayemtegemea mkubwa kwa mkate wa kesho hamshitaki leo. Husubiri hadi asiwe na cha kupoteza, na wakati huo watu humwambia kwamba amechelewa.

Maneno upande huu, bili upande ule

Artemi Panarin, Mrusi aliyekuwa akiichezea New York Rangers wakati huo, ni mfano wa aina nyingine. Alikuwa mmoja wa wachezaji wachache wa Urusi walioikosoa serikali ya Vladimir Putin hadharani. Januari 2021, baada ya mpinzani Alexei Navalny kukamatwa, Panarin alionyesha kumuunga mkono mtandaoni. Mwezi uliofuata gazeti moja la Moscow lilichapisha madai ya kocha wake wa zamani, Andrei Nazarov, kwamba mwaka 2011 mchezaji huyo alimpiga mwanamke mjini Riga. Panarin alikana. Klabu yake ilisema hizo ni mbinu za kumtisha kwa sababu ya msimamo wake. Alichukua likizo, akarudi uwanjani katikati ya Machi. Hakufikishwa mahakamani.

Msomaji makini anashika mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, wakati wa kutolewa kwa madai unazungumza: jambo la miaka tisa iliyopita lilitoka wiki chache baada ya mchezaji kugusa siasa. Pili, madai ya kumpiga mwanamke hayafutiki kwa sababu tu aliyeyatoa ana chuki. Anayenufaika na habari anaweza kuwa anasema kweli, na anayeikosoa serikali anaweza kuwa na makosa yake. Kazi ya mwandishi ni kutafuta ushahidi: polisi wa mji husika, mashahidi, kumbukumbu. Kuchagua upande kwanza na kuuita uchunguzi ni ulaghai.

Panarin alikuwa na ndugu Urusi na mshahara Marekani. Neno lake lilitoka New York, bili ikapelekwa nyumbani. Mpaka wa Gatuna ulipokuwa umefungwa, kuanzia Februari 2019 hadi Januari 2022, mfanyabiashara mwenye stoo upande mmoja na wateja upande wa pili alikuwa na sababu hiyohiyo ya kupima neno kabla ya kulitamka mbele ya kipaza sauti.

Kimya nacho kinatozwa

Turudi 2025. Wayne Gretzky, anayehesabiwa na wengi kuwa mchezaji bora wa mchezo huu katika historia, ni Mkanada na ni rafiki wa Trump. Katika fainali ya Boston alikuwa nahodha wa heshima wa Canada. Alipita upande wa benchi la Wamarekani akawaonyesha dole gumba, akiwa amevaa suti, wakati mwenzake wa Marekani alivaa jezi ya taifa. Hakusema neno kuhusu ushuru wala jimbo la 51. Ikatosha. Magazeti na mitandao ilimwandama, na huko Edmonton, mji alioupa makombe manne, maelfu walitia saini ombi la kuliondoa jina lake kwenye barabara.

Gretzky hakushambuliwa kwa alichosema, bali kwa ambacho hakusema. Nchi mbili zinapogombana, anayefahamika pande zote mbili hudaiwa tamko, na dole gumba huchambuliwa kama hotuba ya bungeni.

Tunachoweza kuchukua

Mtu maarufu asijidanganye kwamba hatachunguzwa. Umaarufu ni sehemu ya biashara yake. Lakini uchunguzi wa Novemba 2019 na kelele za Februari 2025 havifanani. Wa kwanza ulipima *maneno*: je, ni kweli, nani alikuwapo, nani anathibitisha? Zile za pili zilimpima *mtu*: ana rafiki gani, amevaa nini, mbona hakutabasamu? Wa kwanza uliondoa kocha na kubadili kanuni. Za pili hazikupunguza ushuru hata kwa senti moja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa kuripoti vikwazo visivyo vya kiushuru: mizani isiyoisha, vyeti vinavyokataliwa upande wa pili, malipo yasiyo na risiti. Utaratibu huo unategemea mtu kuthubutu kusema. Mama anayeuza viazi akisimama mbele ya kamera akaeleza alivyozuiwa, mwandishi ana njia mbili. Anaweza kwenda kuhoji wengine watano waliopita hapo siku ileile. Au anaweza kuandika kwamba mama huyo ni wa chama gani, ametoka nchi gani na kwa nini hakulalamika mwaka jana.

Nguvu ya Aliu ilikuwa mashahidi zaidi ya sauti. Bila wale wawili wa Rockford, angebaki mchezaji mwenye kinyongo. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vichukue hapo: mwanachama asipelekwe mbele ya kipaza sauti peke yake. Apelekwe akiwa na risiti, tarehe, namba ya gari, na wenzake wawili au watatu walio tayari kusema walichokiona. Mdomo mmoja ni rahisi kuuziba, na ni rahisi zaidi kuuchafua. Midomo mitatu yenye karatasi mkononi inamlazimisha hata mwandishi mvivu aulize swali linalostahili.