Kwanza Punguzeni Mzigo, Ndipo Mtuvike Mashine

Ndugu wafanya kazi,

Jioni moja hapa Kitengela, tulipokuwa tumeketi tukingoja lori, kijana mmoja alitoa simu yake akatuonyesha picha. Tulimwona mtu wa nchi za ng'ambo amevaa kitu kama shanta mgongoni, chenye mikanda kifuani na vyuma viwili vilivyoshuka mpaka mapajani. Alikuwa akiinama na kuinua masanduku, akiinama tena na kuinua, wala hakushika kiuno hata mara moja. Kijana akasema, "Wazee, taabu yetu imekwisha. Chombo hiki kikifika Kajiado, hakuna mgongo utakaouma." Wengine wakafurahi. Lakini mzee mmoja, aliyebeba simiti miaka mingi kuliko sisi sote, akauliza neno moja tu: "Na siku hiyo mfuko utakuwa na uzito gani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Yatupasa kwanza tukijue kitu chenyewe, maana mtu hawezi kudai wala kukataa asichokijua. Ni kiunzi cha kuvaa, mfano wa mifupa mingine iliyo nje ya mwili. Kiko cha namna mbili. Cha kwanza hakina mota wala betri. Kina springi au mipira inayovutika mtu anapoinama, na anapoinuka ule mvuto humsaidia kurudi juu. Cha pili kina mota na betri, nacho hufuata mwendo wa mwili na kuusukuma. Kazi ya kuviunda si ya jana. Katika miaka ya 1960 kampuni ya General Electric ya Marekani ilijaribu kuunda kimoja kikaitwa Hardiman. Kilikuwa na uzito wa kilo 680 hivi, na kilipojaribiwa chote pamoja kilitikisika ovyo, hata hakikufaa kazi. Siku hizi vimekuwa vyepesi. Mwaka wa 2018 kampuni ya Ford ilitangaza kwamba itapeleka fulana za kusaidia mikono katika viwanda vyake 15, kwa ajili ya watu wanaofunga vyuma huku mikono yao iko juu ya kichwa.

Viko pia vya watu wasioweza kutembea. Huko Japani Profesa Yoshiyuki Sankai aliunda kiitwacho HAL, kinachosoma ishara ndogo za umeme juu ya ngozi mtu anapotaka kuinua mguu. Na tarehe 12 Juni 2014, Kombe la Dunia lilipofunguliwa mjini São Paulo, Juliano Pinto aliyepooza miguu alipiga mpira akiwa ndani ya mashine ya namna hii. Basi asije mtu akasema kwamba mimi ni adui wa maarifa mapya. Ndugu yetu aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika uti, akipata chombo cha kumsimamisha tena, nani kati yetu hatashukuru?

Hata kwa mgongo wa mpakiaji faida iko. Wataalamu waliokusanya majaribio ya mavazi hayo na kuyaandika mwaka wa 2016 walisema kwamba yanaweza kupunguza kazi ya misuli ya mgongo kwa asilimia 10 hadi 40. Lakini nguvu ile haipotei; mikanda huikandamiza kifuani na mapajani, na wavaaji wengi hulalamika kwamba vazi huwabana na kuwakera. Fikirini kulivaa juani, saa saba mchana, vumbi la simiti likiwa limeshikana na jasho.

Sasa tazameni hali yetu. Mji huu unajengwa usiku na mchana. Simiti hutoka viwanda vya Athi River, ng'ambo tu ya mpaka wa Kajiado na Machakos, hushuka kwa malori kwa barabara ya Namanga, nayo hushushwa kwa mabega. Mfuko ni kilo 50. Lori lenye mifuko 200 ni tani 10. Likishushwa na watu wanne, kila mtu amebeba mifuko 50, yaani kilo 2,500, kabla hajanywa chai. Na lori la pili liko langoni. Nao wenzetu wa mawe, wa mchanga na wa marumaru wana hesabu yao.

Wapagazi wa misafara ya zamani, ambao tukiwakumbuka twawahurumia, mzigo wao wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Kweli wao walitembea siku nyingi, na sisi twatembea kutoka lori mpaka ghala. Lakini kwa kila kuinua, sisi twawapita kwa kilo 18.

Mwajiri atasema, "Shirika la Kazi Duniani mwaka wa 1967 lilipendekeza kwamba mzigo wa mwanamume mzima usizidi kilo 55, na mfuko wangu ni kilo 50. Kosa langu liko wapi?" Tumjibu kwa adabu. Pendekezo hilo ni la zaidi ya nusu karne, na liliwekwa ili kuwashusha wale waliokuwa juu zaidi. Wataalamu wa afya ya kazini wa Marekani, katika hesabu yao ya kuinua mizigo, huanzia kilo 23, tena mtu akiwa amesimama vizuri na mzigo uko karibu na mwili. Huko Uingereza nao walikuwa na mifuko ya kilo 50, lakini leo mfuko wa dukani ni kilo 25. Nyumba zao hazikuanguka. Hawakungoja mashine ya kuvaa; walipunguza mfuko, basi.

Wala tusiambiwe kwamba Kenya haiwezi kuugusa uzito wa gunia. Kanuni za viazi za mwaka wa 2019 zilitaka gunia lisizidi kilo 50, ili lumbesa ikome. Kuzitimiza kumekuwa na ubishi mwingi, lakini neno limekwisha kuandikwa. Ikiwa gunia la viazi laweza kupunguzwa kwa ajili ya mfuko wa mkulima, mfuko wa simiti waweza kupunguzwa kwa ajili ya mgongo wa mpakiaji.

Tena sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007, kifungu cha 76, yamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru. Sheria hiyo hiyo yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawemo. Ndugu msomaji, kamati ya mahali pako umeiona kwa macho yako?

Nilifanya kazi na mwenzangu mmoja katika ghala ambalo silitaji. Aliteleza juu ya ubao akiwa na mfuko begani, kiuno kikalia. Nyapara alimpa nauli na pesa kidogo ya dawa, akamwambia apumzike. Kesho yake mtu mwingine alikuwa amesimama mahali pake. Hakuna aliyeandika kitu, wala sisi wenzake hatukudai kiandikwe. Aibu hiyo ni yetu pia. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka wa 2007 yasema aliyelemaa kabisa ahesabiwe mshahara wa miezi 96, na aliyelemaa kiasi apate fungu lake. Yeye hakupata hata la mwezi mmoja. Leo huchoma mahindi kando ya barabara, na huchoma akiwa ameketi, maana kusimama hawezi.

Mtu huyo hakuhitaji mashine ya Japani. Alihitaji mfuko wa kilo 25, toroli, ubao usioteleza, na jina lake kuandikwa kitabuni.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, nayo nayaweka mbele ya wanachama wayajadili:

1. Kwanza mzigo upunguzwe, na toroli, mikanda ya kupitishia mifuko na magari ya kuinulia yaletwe. Vazi la mashine lije mwisho, kwa kazi isiyowezekana kwa njia nyingine.

2. Likija, lilipwe na mwajiri. Lisikatwe katika mshahara hata senti moja.

3. Lisiwe sababu ya kuongeza mifuko kwa siku, wala ya kufanya watu wanne kuwa wawili. Nguvu ya mashine ikiliwa yote na hesabu ya nyapara, mgongo haukupata kitu.

4. Asiyetaka kulivaa kwa sababu lamwumiza asifukuzwe.

5. Kila jeraha liandikwe siku ile ile, hata la kibarua wa siku moja.

Kumbukeni makuli wa bandari ya Mombasa. Mwaka wa 1955 waligoma wakiwa kitu kimoja, wakapata nyongeza. Baadaye makontena yalikuja, mabega yakapumzika, lakini nafasi za kazi za wengi zikaenda pamoja na mzigo. Mashine haina huruma wala uadui. Hufuata matakwa ya aliyesimama mezani siku ilipopangwa, na sisi yatupasa tuwe mezani hapo kabla haijafika, si baada.

Mzee wetu aliuliza mfuko utakuwa na uzito gani. Nasema, utakuwa na uzito ule tutakaoukubali. Tukinyamaza watatuvika chuma ili tubebe kilo 100. Tukisema pamoja, huenda hata chuma chenyewe kisihitajike.

Umoja ni nguvu.

Mimi mwanachama mwenzenu,
Mpakiaji, Kitengela