Vijana wa Kompyuta na Mlango wa Skuli za Biashara

Miongoni mwa vijana wetu wa Unguja na Pemba waliosomea taaluma ya kompyuta, wako wanaotamani kuihama kazi hiyo na kuingia katika uongozi wa biashara. Wanaloliwania ni shahada ya uzamili ya uongozi wa biashara, ambayo Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilianza kuifundisha mwaka 1908. Tunatarajia idadi yao kuongezeka, kwani tangu mwaka 2023 Zanzibar ina kampasi ya IIT Madras inayofundisha taaluma ya data na akili mnemba. Suala linalowashughulisha ni hili: mtu wa kompyuta ana nafasi gani ya kukubaliwa?

Kwanza, tunawausia wasijipime kwa uvumi wa barazani. Nahodha mwema hutia bildi kabla ya kupitisha chombo penye miamba. Skuli kubwa hutangaza kila mwaka sifa za darasa lililoingia: alama za mtihani wa GMAT, miaka ya kazi, na sekta walizotoka wanafunzi. Alama ya kati si kima cha chini. Takriban nusu ya waliokubaliwa walipata pungufu ya hiyo. Tena mtihani wa sasa una alama kutoka 205 hadi 805, na ule wa zamani ulikuwa kutoka 200 hadi 800 kwa kipimo tofauti. Mwenye kuilinganisha mitihani hiyo miwili moja kwa moja amechanganya pishi na kibaba.

Pili, kutoka katika kompyuta si kasoro, wala si sifa ya pekee. Waombaji wa namna hiyo ni wengi na hufanana. Kwa kawaida hawatiliwi shaka katika hesabu. Huulizwa wamewaongoza nani, wamebadilisha nini, na kwa nini wanahama sasa. Kijana aliyeweka mfumo wa malipo katika idara yake asieleze mashine tu. Aeleze foleni ilipungua kwa kiasi gani, na aliwavuta vipi makarani walioukataa. Anayesema kwamba amechoka na kompyuta ametaja anakotoka, hajataja anakokwenda.

Tatu, na hapa tunawageukia wakuu wa kazi. Skuli hizi hudai barua ya sifa, na aghalabu hutaka itoke kwa msimamizi wa mwombaji. Imezuka tabia ya mkuu kumwambia kijana aandike mwenyewe, kisha yeye atie saini. Jambo hilo ni udanganyifu, na likibainika maombi yote huweza kutupwa. Aidha, asiyepewa dhamana hana la kuandikiwa. Mtaalamu anayeitwa pale tu mashine inapoharibika, na asiyeketi hata siku moja bajeti inapojadiliwa, atapata wapi ushahidi wa uongozi?

Wako wanaohofu kwamba aliyekwenda kusoma hatorudi. Hofu hiyo ina msingi, lakini dawa yake ni mkataba wa masomo ulio wazi na wenye haki kwa pande zote mbili. Kuikalia barua ya kijana hakumzuii kuondoka. Humfanya aondoke na kinyongo.

Hatimaye, kukubaliwa pekee hakutoshi. Ada ya Harvard imepindukia dola 70,000 kwa mwaka, bila chakula wala malazi. Shahada kama hiyo hutolewa pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ESAMI ya Arusha, taasisi iliyoasisiwa mwaka 1980. Anayekusudia kuendesha biashara au shirika katika visiwa hivi azipime skuli za karibu kwa uzito ule ule anaozipima za mbali.

Kwa hiyo tunawataka vijana waombe kwa hesabu, na wakuu wa kazi waanze sasa kuwakabidhi majukumu yenye uzito, na wakiombwa barua, waiandike wenyewe kwa ukweli na kwa wakati.