Furaha Inayoanzia Gizani
Napenda kwamba Pasaka huanza gizani. Usiku wa mkesha, parokiani taa huzimwa, moto huwashwa nje, na mshumaa mkubwa wenye tarakimu za mwaka huingizwa kanisani. Waumini huwashiana mishumaa yao hadi nyuso zote zionekane. Kisha Aleluya, iliyonyamaza Kwaresima nzima, hurudi kwa ngoma na vigelegele. Furaha hii haitutaki tusahau. Mwaka 2015, siku ya Alhamisi Kuu, magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Jumapili ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, Wakenya waliingia makanisani na msiba wao, na Aleluya ikaimbwa. Wapo wanaosema huko ni kujifariji tu. Sikubaliani nao hata kidogo. Maria Magdalena, katika Injili ya Yohana, alifika kaburini kungali giza, akasimama akilia, na ni yeye huyo aliyetumwa kuwapasha wanafunzi habari kwamba amemwona Bwana. Basi Jumapili ya Pasaka, ukimwona aliyefiwa karibuni amejitenga baada ya ibada, mfuate, msalimie, mkaribishe nyumbani kwako mle pilau pamoja.