Manowari ya Truman: Hasara Isiyotoka kwa Adui

Katika vita vya Bahari Nyekundu, Ansarullah wa Yemen walitangaza mara kadhaa kuwa wameishambulia Harry S. Truman, manowari ya Marekani ya kubeba ndege za kivita. Hakuna kombora lililothibitishwa kuipiga. Hata hivyo, ilirudi nyumbani na hasara kubwa.

Tarehe 22 Desemba 2024, manowari ya Gettysburg iliyokuwa ikiilinda iliitungua kimakosa ndege ya Truman, aina ya F/A-18. Tarehe 12 Februari 2025, Truman iligongana na meli ya mizigo karibu na Port Said, Misri, na kamanda wake akaondolewa. Tarehe 28 Aprili, ndege ya pili ilitumbukia baharini ikiwa inavutwa. Tarehe 6 Mei, siku ambayo Oman ilitangaza kusitishwa mapigano, ya tatu ilishindwa kusimamishwa ilipotua, nayo ikazama. Kila moja ina thamani ya zaidi ya dola milioni 60.

Kikulacho ki nguoni mwako. Manowari hubeba mafuta, mabomu na maelfu ya watu pamoja, hivyo kosa dogo huweza kuwa msiba. Julai 1967, kwenye manowari ya Forrestal karibu na Vietnam, roketi ilifyatuka yenyewe kwa hitilafu ya umeme. Bomu la kwanza lililolipuka liliua wazima moto wenye ujuzi. Waliochukua nafasi zao hawakufunzwa, na baadhi wakamwaga maji yaliyoosha povu la kuzimia moto. Walikufa 134. Tangu hapo, Marekani ikasisitiza kila baharia afunzwe kuzima moto.

Hapa pana somo kwa Umma. Aya ya 60 ya Suratul Anfal inatuamrisha kuandaa nguvu kadiri ya uwezo wetu. Lakini baadhi ya serikali za Kiislamu hununua ndege za mabilioni, kisha hutegemea mafundi wa kigeni kuzihudumia. Huko ni kununua chuma tu. Maandalizi ni mafunzo, matengenezo na nidhamu ya kila siku.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano, katika Hadithi ya Nu'man bin Bashir iliyopokewa na Bukhari, wa abiria wa chini waliotaka kutoboa jahazi ili wapate maji. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Basi tusihesabu makombora ya adui tu. Tukague na matundu ya jahazi letu.

Wallahu a'lam.